Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Kigoma Ujiji: Tunaomba mita 40 za kuuweka Mwezi

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam kutoka Mwanga. Naomba kipande cha ardhi. Si kikubwa, urefu wake mita 40 tu, kilale mashariki kwenda magharibi, na kiwe mahali watu wanapopita kwa miguu. Eneo la mbele ya stesheni ya reli ningelipenda zaidi, ila hata Kibirizi ufukweni sitakataa. Hapo tujenge sanamu ya safari za anga: Dunia upande mmoja, Mwezi upande wa pili, kwa vipimo vyake vya kweli, na katikati pabaki wazi watoto wapite.

Najua nikitaja safari za anga picha inayokuja haraka ni roketi. Moscow wanayo tangu 1964, mnara wa mita 107 uliovishwa metali ya titani na roketi kileleni. Unapendeza sana. Sisi titani hatuna, na roketi ya fibaglasi katikati ya kiplefti itaishia kuwa mahali pa kupigia picha za harusi. Mwanza wana samaki wao, Arusha mnara wa saa, Dar wana Askari. Ni vizuri vyote, lakini mtu akishavitazama amemaliza. Ukubwa nao si hoja. Mwaka 1971 wanaanga wa Apollo 15 waliacha Mwezini kisanamu cha alumini cha msanii Mbelgiji, Paul Van Hoeydonck, chenye urefu wa sentimita 8.5, pamoja na kibao cha majina 14 ya wanaanga wa Marekani na Usovieti waliofariki. Kinatoshea kiganjani, na bado kinazungumzwa hadi leo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Huwa nawapa kidato cha kwanza mpira wa miguu na chungwa dogo, nawaambia mpira ni Dunia na chungwa ni Mwezi, haya, liwekeni mahali pake. Karibu wote huliweka kwenye dawati lilelile, wengine wanaligusisha kabisa na mpira. Siwalaumu, ndivyo vitabu vinavyochora, maana ukurasa hautoshi. Kisha namtuma mmoja alibebe. Anatembea, namwambia endelea, anafika mlangoni, namwambia endelea, mpaka yuko nje barazani, mita sita na nusu kutoka kwenye mpira. Hapo ndipo hugeuka na kuuliza, "Bado tu, mwalimu?"

Hilo swali ndilo nataka mji mzima uulize.

Tukipunguza kila kitu mara milioni 10, Dunia inakuwa tufe la mita 1.27 kwa upana, yaani linamfika mtoto wa darasa la tatu kichwani. Mwezi unakuwa tufe la sentimita 35, na unakaa mita 38 mbali. Ziwa Tanganyika letu, ambalo Bara zima tunalitambia, litakuwa mchoro usiofika sentimita 7, na kina chake cha mita 1,470 hakitafika hata robo ya milimita. Fundi akikosea plasta kidogo tu, ziwa limefukiwa. Kile Kituo cha Kimataifa cha Anga, kinachopita juu yetu baadhi ya jioni kama nyota isiyomemeta, kiko umbali wa kilomita 400 hivi, sawa na kwenda Tabora kwa treni. Kwenye sanamu tutapigilia msumari wa inchi moja na nusu: kichwa chake ndipo wanaanga wanapoishi. Mtoto akiuona ule msumari, kisha akautazama Mwezi kule mwisho wa uwanja, atajua mwenyewe waliokwenda mwaka 1969 walifanya nini.

Jua hatutalijenga. Lingetaka tufe la mita 139, kilomita 15 kutoka hapo, kuipita Ujiji. Tutatumia lililopo, na ndiyo sababu nimekazania mashariki na magharibi. Dunia tukiiweka mashariki na Mwezi upande wa ziwa, asubuhi jua litatokea nyuma ya anayesimama penye Dunia, naye atauona Mwezi wote unang'aa, mwezi mpevu. Jioni jua litakuwa nyuma ya Mwezi, na upande unaotutazama utakuwa giza. Mchana utaona nusu. Hakuna umeme, hakuna betri ya kuibiwa. Wavuvi wetu wa dagaa hawahitaji kufundishwa hili. Mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti dagaa, wanapandisha mitumbwi wanashona nyavu. Ila sidhani kama kuna aliyewahi kuwaomba wawaeleze wanafunzi, na hapo penye sanamu wangepata pa kusimama.

Kuhusu ujenzi, tafadhali isiwe zabuni ya kuleta kitu kilichokwisha tengenezwa. Mafundi tunao. Nondo zikunjwe pete, zifungwe wavu, zipigwe plasta, zipakwe rangi. Nasisitiza zege kwa sababu unayoijua: bati au chuma kitupu kingekuwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu kabla ya kuzinduliwa.

Pawepo pia kibao, kwa Kiswahili. Kiandike kwamba Tunguu, Unguja, palikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya anga, na kwamba mwanaanga Mmarekani John Glenn alipoizunguka Dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, alipita akizungumza na Zanzibar. Kituo kiliondolewa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Kiandike kwamba tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, ikaitwa Uhuru. Hapa kwetu ukumbusho maarufu ni wa wasafiri wawili, Livingstone na Stanley, waliokutana Ujiji mwaka 1871. Wasafiri wa enzi hiyo walijua longitudo yao kwa kupima pembe kati ya Mwezi na nyota, kwa hiyo hata wao wangestahili mstari mmoja.

Kuna watakaokuuliza kwa nini Mwezi kabla ya mabomba na madawati. Wana haki, na mimi sigusi fungu hilo. Saruji na nondo tutachangishana. Kutoka kwako naomba ardhi, kibali, na neno la maandishi kwamba patakuwa pa umma na hapatageuzwa vibanda.

Ukiridhia, hatua ya kwanza haina gharama. Tutakuja asubuhi na kamba ya mita 38 na vigingi viwili, tuone jua linavyoangukia. Njoo mwenyewe, au umtume afisa mipango miji.

Wako katika ujenzi wa mji,
Mwalimu wa fizikia, Mwanga, Kigoma