Salamu za shukrani: Baba yetu, dereva na mwalimu wa kriketi

Assalaam alaykum.

Sisi mjane, watoto na wajukuu wa marehemu Baba, hapa Nottingham, Uingereza, pamoja na ndugu zetu wa Mombasa, tunawashukuru nyote mliotushika mkono tangu msiba ulipotufika hadi siku ya hitima.

Kwa imamu na wote waliomwosha, wakamkafini na kumswalia. Kwa jirani zetu waliotuletea chakula siku tatu mfululizo. Kwa madereva wenzake wa basi waliobadilishana zamu ili wawahi maziko. Kwa mliotuma rambirambi kutoka Mombasa na Muscat. Mola awalipe kila la kheri.

Wana kriketi tuna neno nanyi. Mlikaa nasi mkekani mkamzungumza Alfred Shaw, mchezaji kriketi wa zamani, kama Baba alivyokuwa akimzungumza, nasi kwa muda tukawa kama tumemsikia tena mwenyewe. Aliyemjua Baba alimjua na Shaw, aliyezaliwa mwaka 1842 Burton Joyce, kijiji ambacho Baba alikipita na basi lake miaka mingi. Shaw alikuwa mrushaji wa kulipwa, kriketi ndiyo iliyomlisha, akaichezea Nottinghamshire kuanzia 1864. Tarehe 15 Machi 1877, huko Melbourne, mpira wa kwanza kabisa katika historia ya mechi za Test, yaani za timu za mataifa, ulitoka mkononi mwake, ukamwendea mpigaji Charles Bannerman wa Australia.

Lakini vijana aliowafunza kila Jumamosi mnajua Baba alirudia lipi. Shaw hakuwa na kasi. Aliuweka mpira pale pale, tena na tena, mpaka mpigaji akachoka kusubiri. Mwaka 1875, uwanja wa Lord's, dhidi ya klabu ya MCC, alirusha ova 41, yaani zamu za mipira kadhaa, na mipira miwili. Ova 36 kati yake hazikuwapa wapigaji hata mkimbio mmoja, yaani pointi moja, akapata wiketi 7, maana yake aliwatoa wapigaji 7, kwa mikimbio 7. Maishani alichukua wiketi zaidi ya 2,000, na ova zake ni nyingi kuliko mikimbio aliyofungwa, ingawa ova za zama zile kwa kawaida zilikuwa za mipira minne. "Weka pale pale," ndiyo kauli ya Baba. Hata nyumbani tulilelewa nayo.

Na kwa kuwa Baba alikuwa mtu wa mshahara, alimheshimu Shaw zaidi kwa mwaka 1881, yeye na Arthur Shrewsbury, mchezaji mwenzake wa Nottinghamshire, walipogoma pamoja na wenzao wakidai masharti bora ya kazi. Kwa Baba jambo hilo lilizidi wiketi zote.

Vijana wawili, mnajijua, mlimsukuma katika kiti cha magurudumu hadi makaburi ya kanisa la Gedling, wiki chache kabla hajatutoka. Shaw amelala hapo tangu 1907, karibu na Shrewsbury. Inasimuliwa kwamba aliomba azikwe yadi 22 kutoka kwa rafiki yake, umbali ule ule wa kutoka vijiti vya wiketi vya upande mmoja wa uwanja hadi vya upande wa pili. Baba alirudi nyumbani amechoka, akala vizuri, akalala kwa furaha. Hatuna cha kuwalipa kwa siku ile.

Mfuko wake wa mipira tumewaachia ninyi wawili. Jumamosi uwe uwanjani.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.