Harambee ya Ukuta, Dari na Lango Dogo

Washirika wapendwa na majirani wote wa Umoja,

Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, mara tu baada ya ibada ya pili, tutachanga pesa za kutengeneza chumba kilicho nyuma ya ukumbi. Kikundi cha AA (Alcoholics Anonymous, watu wanaosaidiana kuacha pombe) kimeomba kukikodi kila Jumanne kuanzia saa kumi na mbili unusu jioni. Tunatafuta Sh120,000.

Wengi mmeuliza kama pesa hizi ni za kikundi. La. AA, iliyoanza Marekani mwaka 1935, haina ada ya kujiunga na haipokei mchango wa mtu wa nje, hata kanisa. Kapu huzungushwa mkutanoni, na humo ndimo kodi na sukari ya chai hutoka. Watatulipa kodi ndogo, nasi tutaipokea. Tafadhali msiwaonee huruma mkataka wakae bure: anayelipa kodi yake haambiwi na mwenyeji afungue mkutano kwa mahubiri. Tunachokarabati ni mali ya kanisa, na Jumapili asubuhi watoto watasomea humo.

Kwa sasa chumba hicho kimetenganishwa na chumba cha kwaya kwa plaiwudi moja tu, na kwaya hufanya mazoezi Jumanne hiyo hiyo. Mtu akizungumza, teno wote wanamsikia neno kwa neno. Hapa mtaani mama mboga, mwenye nyumba na mweka hazina wa chama huenda wote ni washirika wetu, na mtu akishajua kuwa amesikika, harudi. Fundi amepima ukuta wa mita 5 kwa 3: futi 220 za mawe, mifuko 8 ya saruji, tani 2 za mchanga, na siku tano za kazi yake na mtu wa mkono. Jumla Sh32,800.

Juu ni mabati matupu. Mvua ya Aprili ikishika, asiyepiga kelele hasikiki, na hakuna atakayepiga kelele kusema kwamba aliuza mtungi wa gesi wa nyumbani akanywa. Dari ya jipsamu, bodi 12 pamoja na fremu na ufundi, ni Sh34,000.

Lango lina shida yake. Kila mgeni huandikishwa kwenye kitabu cha askari: jina, namba ya kitambulisho, simu, unakwenda kwa nani. Kikundi ambacho hakimuulizi mtu jina lake la pili hakiwezi kufikiwa kupitia kitabu hicho. Tutafungua lango dogo upande wa kichochoro, lenye taa ya sola kwa sababu saa moja usiku huko huwa giza totoro. Sh26,500.

Sh26,700 zilizobaki ni za nauli na dharura, na huu ni mfuko wa kanisa. Anayetafuta mkutano Nairobi anaweza kupiga 1192, laini ya bure ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, aelekezwe pa kupata msaada. Akitajiwa mkutano, aulize mambo manne: siku na saa, jengo lenyewe na mlango wa kuingilia, lugha inayotumika, na kama ni mkutano wa wazi au wa wenye tatizo pekee. Wa wazi, mke au ndugu anaweza kumsindikiza. Ule mwingine, ataingia peke yake. Kisha athibitishe siku hiyo hiyo kwamba upo, maana vikundi huhama kumbi. Mtu aliyejikaza akavuka jiji kwa matatu mbili, akakuta kufuli, mara nyingi huishia kwenye baa iliyo karibu. Nauli nayo hupanda jioni, na mvua ikinyesha ndio usiseme. Tutawapa nauli ya mikutano ya kwanza wanaoihitaji, iwe ni hapa kwetu au kwingine, na hatutaandika majina yao.

Dharura ni jambo zito zaidi. Anayekunywa pombe kila siku, ambaye asubuhi mikono hutetemeka hadi apate kinywaji cha kutoa loki, asiambiwe aache ghafla akiwa nyumbani. Degedege inaweza kumjia kati ya saa 6 na 48 baada ya kinywaji cha mwisho. Kuchanganyikiwa, homa na kuona vitu visivyokuwepo huweza kufuata siku ya pili hadi ya nne, na hali hiyo inaweza kuua. Huyo aanzie hospitali, apewe dawa chini ya uangalizi, mkutano utamngoja. Hospitali ya Mathari, Barabara ya Thika, ina kitengo cha waraibu. Pesa hizi zitalipa teksi ya kumfikisha kwa daktari.

Hatutakuwa na mgeni rasmi, wala wanakikundi hawatapigwa picha. Tunajua harambee bila mheshimiwa huchangisha kidogo, lakini mheshimiwa huja na kamera.

Bahasha ziko kwa wazee wa kanisa. Si lazima uandike jina. Ahadi zikamilishwe ndani ya wiki tatu. Mwenye vifaa anaweza kuvileta badala ya pesa, ila amuulize fundi kwanza: mawe yawe ya inchi 6 kwa 9, na saruji isiwe imekaa stoo ikaganda. Mchanga uletwe kabla ya Ijumaa, kwa sababu Jumamosi kuna harusi na lori halitapata pa kugeuzia.

Kamati ya Ukumbi