Hiyo hesabu++ ndo inayokuibia

Shosti wangu,

Za Arusha na baridi lake? Najua umenuna maana wiki nzima sijakujibu, nisamehe bure, huku umeme ulikuwa unakatika kila jioni na mimi nilikuwa na kazi ya mtu lazima iishe Ijumaa. Leo nimekaa, chai ya tangawizi iko pembeni, wacha nikujibu vizuri.

Hiyo kaunta yako ya kuhesabu watu wanaofungua apu wala usiiandike upya mara ya nne. Umesema ukiitesti mwenyewe iko poa ila wakiingia watu wengi inapunguza, na nimeangalia kodi yako (kodi ya programu, si ile wanayotudai), mchawi ni mstari mmoja tu, hesabu++, yaani ongeza moja kwenye hesabu. Sisi tunauona mmoja kwa sababu tumeuandika mmoja, prosesa yenyewe inafanya mambo matatu hapo: inaisoma namba kutoka memori na kuiweka kwenye rejista (kijisehemu chake cha ndani cha kushikia namba), inaongeza moja, halafu inairudisha memori. Sasa thredi (kazi zinazokimbia kwa pamoja ndani ya programu moja) ya kwanza imesoma 41, kabla haijarudisha, ya pili nayo inakuja inasoma 41 ileile, wote wanaongeza moja wanapata 42, wote wanaandika 42. Wamefungua watu wawili, wewe umehesabu mmoja. Na hakuna erra hata moja, programu inakuchekea tu.

Ni kama kile kikoba cha mama, unakumbuka ule ugomvi? Mweka hazina kaangalia daftari kaona laki nne, kaenda kupokea elfu ishirini kwa mama mmoja, huku katibu naye kashaiona laki nne ileile, kapokea elfu ishirini kwa mwingine, kila mtu kaja kaandika laki nne na ishirini. Hakuna aliyeiba, lakini elfu ishirini haionekani na watu hawasalimiani mpaka leo.

Kama huniamini washa thredi mbili, kila moja iongeze kaunta moja mara 1,000,000, halafu chapa jibu. Mimi nilitegemea 2,000,000, nikapata milioni moja na laki tatu na kitu, nikarudia nikapata nyingine, nikarudia tena nyingine kabisa, nikacheka peke yangu usiku wa manane.

Na hilo neno volatile uliloliweka mbele ya kaunta, kwenye Java inahakikisha thredi moja inaiona namba mpya iliyoandikwa na nyingine, basi. Zile hatua tatu bado ni tatu. Unachotaka ni AtomicInteger, kaunta ya Java inayofanya zote tatu kama tendo moja, ipo tangu Java 5 ya mwaka 2004, unaandika hesabu.incrementAndGet() na mwingine yeyote anaiona namba ikiwa kabla au baada, ile katikati haioni kamwe. Atomiki ni neno la Kigiriki, kitu kisichokatika (wanafizikia walishaikata zamani ila jina likabaki). Kwa ndani, kwenye prosesa za Intel, amri yenyewe inawekewa lock mbele yake, kiini (core) kinachofanya kazi kinakishikilia kile kipande cha kashe (memori ndogo ya haraka ya prosesa), baiti 64, mpaka kimalize, wengine wangoje. Kwa hiyo si bure, viini vinane vikigombania kaunta moja ni foleni ya ndoo kwenye bomba moja la mtaa. Ukifika huko tumia LongAdder, yenyewe inaigawa kaunta vipande vipande kila thredi iongeze kwake halafu vinajumlishwa pale unapotaka kusoma. Ila kwa sasa watu wako hawajafika huko shosti, tusidanganyane 😂

Sasa nikwambie aibu yangu, hii sijawahi kukusimulia. Nilitengeneza mfumo wa tiketi za tamasha la mtu, tiketi 300, na nilishajua atomiki, najiona fundi kabisa, nikaandika kama zimebaki.get() ni zaidi ya 0 basi zimebaki.decrementAndGet(). Kila moja ni atomiki, si ndio? Lakini kati ya kuuliza na kupunguza kuna upenyo, na upenyo huo wanaingia watu. Imebaki tiketi moja, watatu wameuliza kwa pamoja, wote wameambiwa ipo, wote wamepunguza. Kaunta ikasoma -2. Mlangoni wamesimama watu wawili na risiti zao halali kwenye simu, yule mwenye tamasha ananipigia na mimi sipokei.

Dawa ilikuwa compareAndSet. Unaiambia, nilipoangalia niliona 1, kama bado ni 1 weka 0, kama imebadilika usiguse uniambie. Ikikataa unasoma upya unajaribu tena, ukikuta 0 unamwambia mteja zimeisha. Kuuliza na kubadilisha vinakuwa tendo moja, na prosesa inayo amri ya hivyo tangu enzi za 486, mwaka 1989, cmpxchg, sisi tu ndo tulikuwa tunaipita.

Kitu kingine ambacho hukunijibu juzi, apu yako iko kwenye seva moja au mbili? Kwa sababu kama ni mbili, AtomicInteger haikusaidii kitu, yenyewe inaishi kwenye memori ya programu moja, seva ya pili ina ya kwake na hazijuani. Hapo iachie databezi, UPDATE kaunta SET hesabu = hesabu + 1 WHERE id = 7, usisome kwanza ukajumlisha kwenye kodi halafu ukarudisha, utakuwa umerudi kulekule kwenye daftari la kikoba. Na kwa tiketi ningeongeza AND zimebaki > 0 halafu naangalia safu (mistari ya jedwali) ngapi zimebadilika, ikiwa 0 hakuna tiketi.

Basi nitumie jibu la hiyo seva leo usiku, na ile faili nzima sio skrinshoti, macho yangu yamechoka. Na nguo zangu unazokaa nazo huko nazikumbuka moja moja.

Wako wa siku zote.