Siku 90 za uchaguzi mdogo zinahesabiwa kuanzia lini?

Mhariri,

Mbunge akifariki, akijiuzulu au mahakama ikifuta ushindi wake, gumzo la mtaani huwa ni nani atakayemrithi. Kwangu hilo ni swali la pili. La kwanza ni tarehe: kiti kilibaki wazi lini, na Spika aliitangazia lini Tume ya Uchaguzi, IEBC? Tarehe hizo ndizo huamua nani atapiga kura na nani ataruhusiwa kugombea, na mwananchi wa kawaida hazijui.

Kifungu cha 101 cha Katiba ya Kenya kinampa Spika siku 21 tangu kiti kibaki wazi aiarifu IEBC kwa maandishi. Uchaguzi mdogo nao ufanyike ndani ya siku 90 tangu kiti kibaki wazi. Kwa hivyo zile 21 zimo ndani ya 90, hazizitangulii. Sasa tazama eneobunge la Kibra, hapa Nairobi. Mbunge wake, Ken Okoth, alifariki Julai 26, 2019, na kura ikapigwa Novemba 7. Hizo ni siku 104. Ukiondoa 21 za Spika, iwapo alizitumia zote, zinabaki 83. Anayehesabu kuanzia kifo ataona Katiba imekiukwa. Anayehesabu kuanzia barua ya Spika ataona imefuatwa. Jambo zito hivi halifai kuachiwa kila mtu ahesabu apendavyo.

Kisa cha eneobunge la Banissa, Mandera, sikitaji kama mfano wa hesabu, kwa sababu pale hapakuwa na hesabu yoyote. Mbunge wake alifariki Machi 2023, IEBC haikuwa na makamishna hadi Julai 2025, na wakazi wakasubiri hadi Novemba 27, 2025.

Turudi kwa mpiga kura. Sheria ya Uchaguzi, sehemu ya 5, inasimamisha usajili katika eneo husika tangu kiti kitangazwe kuwa wazi hadi siku ya kura. Nia ni njema, maana bila hivyo mabasi yangeleta wapigakura wa kukodi. Lakini Nairobi ni mji wa wapangaji. Aliyehamia Makina, mtaa wa Kibra, kutoka Kayole na hakuhamisha kituo chake mapema hawezi kukihamisha tena tangazo likishatoka. Kijana aliyepata kitambulisho wiki iliyofuata naye atatazama tu. Na aliyeandikishwa Kibra kisha akahamia Kasarani itabidi arudi Alhamisi, siku ya kazi, kutafuta foleni. Mwaka huo wa 2019 mshindi alipata kura 24,636 na wa pili 11,230, katika eneobunge lenye wapigakura zaidi ya 118,000. Watu husema Wanairobi ni wavivu wa kura. Mimi ningeanza kwa kukagua sajili.

Kwa wagombea, mtego ni mkali zaidi. Kifungu cha 85 kinamtaka mgombea huru awe hajakuwa mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya siku ya uchaguzi. Linganisha na zile siku 90: aliyekuwa na chama siku kiti kilipobaki wazi tayari amechelewa. Kwa hivyo anayeshindwa kwenye mchujo na kutisha kwamba atasimama kivyake anatoa vitisho vitupu, isipokuwa uchaguzi wenyewe ucheleweshwe. Hapo ucheleweshaji unageuka faida kwa mtu fulani, na hilo pekee latosha kudai tarehe iwekwe wazi. Zaidi ya hayo wapo Wakenya waliojikuta wameandikishwa vyamani bila habari zao. Anayewaza kugombea akague jina lake kwa Msajili wa Vyama vya Kisiasa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, leo, asingoje msiba. Mgombea huru atahitaji pia kuungwa mkono na wapigakura 1,000 wa eneobunge hilo. Mtumishi wa umma naye ana siku saba tu za kujiuzulu tangu kiti kitangazwe kuwa wazi, na siku saba huisha upesi kama tangazo lenyewe halijakufikia.

Siku ya kura haina mengi mapya. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na aliye kwenye foleni wakati huo hupiga kura. Beba kitambulisho au pasipoti uliyojiandikishia. Wakala wa mgombea asiondoke kituoni bila nakala ya Fomu 35A, yaani ya matokeo ya kituo, kwa sababu Fomu 35B, ya matokeo ya eneobunge zima, hujengwa juu ya hizo. Katika uchaguzi mdogo wa eneobunge la Mbeere North mwaka 2025 pengo la mshindi halikufika kura 500. Karatasi moja iliyojazwa vibaya ingetosha kuzua kesi. Na kesi ina masharti yake: siku 28 za kuiwasilisha, dhamana ya shilingi 500,000, na miezi sita ya Mahakama Kuu kutoa uamuzi.

Ombi langu kwa Spika ni kwamba barua yake iwe ya umma siku anayoiandika. Kwa IEBC, tangazo la kila uchaguzi mdogo lionyeshe siku kiti kilipobaki wazi, siku usajili uliposimamishwa, na siku ya tisini ni ipi.

Jambo hili lina haraka. Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027, na Katiba hairuhusu kiti kujazwa katika miezi mitatu inayoutangulia. Kiti kikibaki wazi Februari 28 mwaka huo, hadi Mei 10 zitakuwa siku 71 tu. Spika akizitumia 21 zake zote, IEBC itabaki na 50 za kupokea wagombea, kuchapisha karatasi za kura na kufundisha makarani, au wakazi wakae bila mbunge hadi Agosti.

Msomaji wako,
Makina, Nairobi