Usikubali Kupigiwa Windows Upya

Shangani, Mtwara
12 Novemba 2025

Mpendwa Hamisi,

Salamu nyingi. Barua yako nimeipata, na nimefurahi sana kwamba chama chenu cha wakulima kimenunua kompyuta mpya. Ila hilo la fundi kutaka kukupigia Windows upya, yaani kuisakinisha toka mwanzo badala ya kuhamisha ile ya zamani, nakuomba usilikubali. Huko Masasi msimu wa korosho umepamba moto, wakulima wanasubiri pesa za mnada, na CD ya ile programu yenu ya hesabu hakuna anayejua iliko. Nyaraka utazibeba kwa flashi, lakini programu haibebeki hivyo, maana imejishikiza ndani ya Windows yenyewe. Hamisha mfumo mzima kama ulivyo.

Tumia Clonezilla. Ni ya bure, inawaka kutoka kwenye flashi, na inanakili diski nzima. Chomoa diski ya zamani, iunganishe na kompyuta mpya kwa waya wa USB, kisha nakili. Diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani, hata kama ya zamani imejaa nusu tu. Na tafadhali angalia vizuri ipi ni chanzo na ipi ni ya kupokea, kwa sababu ukizigeuza, kumbukumbu za chama zinafutika. Kama BitLocker (ulinzi wa Windows unaofunga diski kwa ufunguo wa siri) imewashwa, izime mapema huku ufunguo wake wa tarakimu 48 ukiwa umeuandika kwenye karatasi.

Ukimaliza kunakili, chomoa diski ya zamani kabla ya kuwasha. Iweke kabatini, isiguswe mpaka msimu uishe.

Penye ugumu ni kwenye kuwaka. Kompyuta ya zamani huenda inawaka kwa BIOS ya kizamani (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta) na diski yake imepangwa kwa mtindo wa zamani uitwao MBR, wakati hiyo mpya inataka UEFI, yaani mrithi wa BIOS, na mpangilio mpya wa diski uitwao GPT. Hapo watu wengi hukata tamaa wakafuta kila kitu, na inaniuma, kwa sababu dawa ipo. Washa kwa flashi ya kusakinishia Windows, bonyeza Shift na F10 ufungue dirisha la amri, andika mbr2gpt /validate /disk:0, amri inayokagua kama diski inaweza kugeuzwa kuwa GPT. Ikikubali, weka /convert badala ya /validate. Fanya hivyo kwenye nakala tu. Windows ikigoma na kuandika INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, iwashe mara moja kwa Safe Mode, yaani hali ya Windows kuwaka na vitu vya msingi tu. Mara nyingi huitambua diski mpya na kuendelea.

Windows 11 isubiri. Najua msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba, na kupandisha ni muhimu, ila hama kwanza, uone programu ya hesabu inafunguka na printa inatoa stakabadhi, ndipo upandishe.

Kabla hujagusa skrubu yoyote, kwenye kompyuta ya zamani bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, uniambie mbele ya BIOS Mode pameandikwa nini. Nitakujibu siku hiyohiyo.

Wasalimie shemeji na watoto.

Ndugu yako,
Issa