Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Waagizaji, Mwaka 2024

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua: vikao, michango ya misiba, kuonana na watu wa forodha, ofisi kupakwa rangi. Sitapoteza muda hapo.

Nije kwenye kontena. Uamuzi wa kamati wa kuagiza vipuri vya pikipiki na bajaji India badala ya China umesemwa sana, hasa na wasiofika vikaoni. Hoja yao ni kwamba China ina kila kitu na bei iko chini. Sawa. Lakini mwanauchumi wa Uingereza David Ricardo alishalieleza hili mwaka 1817: hata nchi ikimshinda mwenzake katika bidhaa zote, inafaidika zaidi ikishikilia ile inayomshinda kwa mbali na kumwachia nyingine. Ndiyo faida linganishi. China, hasa baada ya kuingia Shirika la Biashara Duniani (WTO) Desemba 2001, imetamba kwa vifaa vya elektroniki na mashine. India inasikika kwa dawa, mchele, mafuta yaliyosafishwa na hizo pikipiki tunazoziuzia vipuri kila siku.

Tazameni wao kwa wao. Mwaka wa fedha 2023/24 India ilinunua China bidhaa za zaidi ya dola bilioni 100, ikauza huko za kama bilioni 17 tu. Viwanda vyake vya dawa huchukua malighafi nyingi China, kisha vinauza dawa dunia nzima. Nakisi ile, yaani kununua kuliko kuuza, inawakera wakubwa wa Delhi, lakini viwanda havijaacha kununua. Basi sisi wa Kariakoo tunaogopa nini kugawa oda? Simu na taa za sola bado tunachukua Guangzhou, China, hakuna aliyezuia.

Kwamba mzigo wa kwanza ulichelewa bandarini ni kweli. Tatizo lilikuwa nyaraka, si India. Kwamba nina maslahi Mumbai, hilo silijibu. Ila nauli nililipa mwenyewe, na wakala nilimtafuta mwenyewe wakati wengine wamelala.

Ada sasa. Zaidi ya nusu yenu hamjalipa, na mkutano wa katikati ya mwaka ulikosa akidi, ukaahirishwa, ukakosa tena. Hao hao ndio wanaouliza hesabu za kontena. Vitabu viko kwa mweka hazina, vikaguliwe.

Mwakani, Mungu akijalia, tutaangalia uwezekano wa dawa za mifugo na pengine ghala letu wenyewe. Wadaiwa wote walipe kabla ya uchaguzi. Asiyelipa hapigi kura.