Dikte ya Kifaransa na kichwa cha mutoto

Bwana mhariri,

Mimi ni mama hapa Kadutu, Bukavu, na hii mambo ya kusema batoto banasahau ovyo inaniuma sana. Juzi mutoto wangu wa mwaka wa tatu primeri alirudi analia, dikte ya Kifaransa (mwalimu anasoma, batoto banaandika) ilimushinda, mwalimu akamuambia hana akili. Nikamusomea fraze moja ya Kiswahili, maneno kumi na mbili hivi, akairudilia yote bila kukosa hata moja! Nikasoma ya Kifaransa ya urefu ule ule, kufika katikati mwanzo ulishapotea. Na kichwa ni kile kile.

Baddeley na Hitch, bataalamu wa Uingereza, balishaeleza tangu 1974 kama ile kumbukumbu ya kushika maneno kwa sekunde kidogo iko na nafasi ndogo. Lugha unayoijua inakusaidia kufunga maneno pamoja kama fungu la majani ya sombe, unabeba mara moja, lakini ile ngeni ni jani moja moja, inakuponyoka.

Na Ebbinghaus, Mujerumani, alionyesha 1885 kama tunasahau mingi ndani ya masaa ya kwanza, na kurudilia kidogo kidogo siku mbalimbali kunashikisha kuliko kumeza yote siku moja. Basi walimu, tafazali, maneno matano leo, muyarudilie kesho, wiki ijayo tena, hadithi ianze kwa Kiswahili ao Mashi, lugha ya hapa kwetu, ndipo Kifaransa. Na fimbo muache, mutoto mwenye kuogopa hashiki kitu.

Mama wa Kadutu